Form Three ya Tatu

Mwaka wa tatu ndani ya Form Three, watoto wa darasa walianza kumwita Wekulo mwalimu. Si ati walikuwa wanamheshimu. Walikuwa wanamchoma. Madam wa kemia akiingia na kusahau wamefikia wapi, sauti inatoka nyuma: "Madam, si uulize mwalimu mwenzako? Hiyo topiki ameisoma kukushinda." Darasa linaanguka kicheko. Na mbaya zaidi ilikuwa ukweli. Wekulo alikuwa anajua hadi mzaha wenye madam angeingiza akifika kwa asidi, mzaha ule ule, mwaka wa tatu, na madam mwenyewe ndiye anacheka peke yake.

Hakuwa mjinga, hiyo ieleweke mapema. Mara ya kwanza alimaliza Form Three akiwa katikati ya darasa, na kuna watu wengi mtaani kwao Shauri Moyo wangeshukuru Mungu kufika hapo. Kitu kilimfunga haikuwa kichwa. Ilikuwa mieleka.

Tangu Form Two hakuna kijana wa shule, wa Nairobi wala wa nje, alikuwa amemlaza Wekulo mgongo. Kilo sitini na tano yote ilikuwa inamjua. Hakuwa na fujo. Alikuwa anakungoja. Unakuja na nguvu zako zote, anakupokea, anapita chini ya mkono wako kama mtu anakwepa kamba ya nguo, na ukigeuka kumtafuta unapata miguu yako imeachana na chini. Tena alikuwa anaangusha watu polepole. Hiyo ndiyo ilikuwa inauma. Ulikuwa unapata muda wa kujua unaanguka.

Kabla yake, shule yao ilikuwa inajulikana kwa kunguni na migomo. Sasa ofisi ya prinsipo ilikuwa imejaa vikombe mpaka vingine vilikuwa vimewekwa juu ya friji. Na hapo ndipo shida ilianzia. Kijana akifika Form Four anafanya mtihani anaenda zake. Akienda, nani ataleta vikombe?

Kwa hivyo mwisho wa ile Form Three ya kwanza, Bwana Mativo, prinsipo mwenyewe, alimwita ofisini akamwekea chai na mkate wa siagi. "Kijana wangu, rudia mwaka mmoja tu ushikilie masomo vizuri. Shule itakusomesha bure. Hii ni ya mwisho." Wekulo akakunywa chai, akakubali. Mwaka uliofuata chai ilikuwa ile ile, mkate ule ule, na maneno yale yale. Safari hiyo hakukubali, lakini alipofika kwa mlango wa Form Four, mwalimu wa zamu alikuwa amesimama hapo na kiboko anamwonyesha kule kwingine.

Sasa dada yake mdogo, Jacky, yule alikuwa anasomea kwa vitabu vyake vya zamani, alikuwa Form Four kwa shule yake ya wasichana. Midterm akija nyumbani anakaa kwa kitanda cha juu anatupa miguu.

"Wekulo, ukipata swali ngumu niulize. Siku hizi mimi ndio mkubwa."

"Shuka hapo nikuonyeshe ukubwa."

"Unaona? Watoto wa Form Three mko na hasira sana."

Alikuwa anacheka naye. Ndani alikuwa anawaka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza. Mfumo wa zamani wa masomo ulikuwa unakufa. Nyuma ya darasa lake hakukuwa na Form Two tena, wala Form One. Kulikuwa na watoto wa Grade Ten, wamekuja na mfumo wao mpya na sweta bado zinawashuka vidole. Darasa la Wekulo ndilo lingekuwa Form Four ya mwisho nchi hii itaona. Mwakani hakungekuwa na Form Three ya kurudia hata mtu akitaka. Kwa hivyo hawana ujanja, alijiambia. Lazima wanipandishe. Hesabu hiyo aliipiga akaiona iko sawa, akarudi kwa mazoezi na roho safi.

Fainali za kitaifa mwaka huo zilikuwa Kayole, kwa ukumbi wa shule moja yenye mabati yake yalikuwa yanapika watu kama mkate. Wiki nzima Wekulo alikuwa anakata kilo asizidi sitini na tano kwa mizani. Anakula kidogo, anatema mate, anakimbia na jaketi mbili. Ijumaa alishinda Gikomba kando ya moto wa baba yake, jasho linamtiririka mpaka kwa viatu. Baba yake, Patrobas, alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale wanafunzi wa boarding wanabeba. Siku hiyo alikuwa na lundo la masanduku mapya limefika kwa paa, na hakusimamisha nyundo hata mara moja.

"Mzee, kazi imekubali mwaka huu," Wekulo akasema.

"Mungu ni mwema," Patrobas akajibu, macho kwa bati.

Asubuhi ya kupimwa, Wekulo alikuwa amekaa kwa benchi, midomo imekauka, anangoja kilo yake iitwe. Magan akaja akakaa karibu. Magan alikuwa kijana wa Pumwani, mwenzake wa timu ya shule, wa kilo hamsini na saba, na alikuwa ameshapimwa, kwa hivyo alikuwa ameshika chupa kubwa ya maji anajirudishia uhai.

"Niaje, champ."

"Poa. Usinywe hiyo maji karibu na mimi."

"Pole." Magan akaficha chupa nyuma ya mgongo. Halafu: "Buda, umeambiwa ya mwakani?"

"Form Four. Kwani kuna nini?"

"Kwa basi nilikuwa nimekaa nyuma ya kocha. Alikuwa anaongea na Mativo kwa simu, hakujua nimeamka. Wanakushusha Grade Ten."

Wekulo alicheka kwanza. Alifikiri ni mchezo, kwa sababu Magan ni mtu wa mchezo. Akamwangalia usoni. Magan hakuwa anacheka.

"Grade Ten ya nani? Ya wale watoto?"

"Ya wale watoto. Ati uanze na mfumo mpya. Miaka mitatu."

Kuna hasira inapanda na kuna hasira inashuka. Ya Wekulo ilishuka. Ilienda mpaka kwa magoti ikakaa hapo, ikamfanya mzito. Akasimama akaenda mahali Kocha Kinyanjui alikuwa anabishana na watu wa mizani.

"Kocha, ni ukweli mnanipeleka Grade Ten?"

Kinyanjui akageuka. Alikuwa mtu wa kifua kikubwa na sauti ndogo, na filimbi yake haikuwahi kutoka shingoni hata akiwa kanisani. "Pima kwanza. Tutaongea."

"Tuongee kwanza."

"Nani amekuambia?"

"Kwa hivyo ni ukweli."

Kocha akamshika bega, akamvuta kando. "Sikiza. Wewe ndio una bahati. Mfumo mpya uko na mkondo wa michezo. Michezo ni somo! Si kama zamani. Umetengenezewa wewe hiyo kitu. Form Four utafanya mtihani upate nini, D? Halafu uende kubeba magunia Gikomba?"

"Hiyo D ni yangu. Naitaka."

"Usiwe mtoto."

"Mimi ndio mtoto? Nikitoka Grade Twelve nitakuwa na ndevu kukushinda. Na umri wangu? Nitacheza michezo ya shule nikiwa na bibi?"

"Umri tutapanga," Kinyanjui akasema, kama mtu anaongea juu ya chumvi. "Enda kwa mizani."

Wekulo akatoka. Hakuenda kwa mizani. Alipita geti, akavuka barabara, akaingia kwa kibanda cha mama mmoja alikuwa anageuza chapati kwa vidole bila kuungua. Magan alimfuata mbio na chupa yake, akampata ameshaketi.

"Mama, chapo madondo. Weka mingi."

"Buda unafanya nini?" Magan akauliza.

"Nakula."

"Mizani haijakuita!"

"Najua."

Chapati ilikuwa moto na maharagwe yalikuwa na mafuta ya kutosha. Mtu hajala vizuri wiki nzima, hawezi kula pole pole. Wekulo alikunja chapati yote akaisukuma kwa mdomo, akaitisha ingine, akaitisha uji, akaitisha mayai. Mama wa kibanda akaanza kumwonea huruma. "Kijana, kwani huko hawawalishi?"

"Wanatulisha maneno."

"Basi ngoja nikuongeze supu."

Magan alikuwa ameshika kichwa. "Wekulo, ukipitisha kilo umekwisha. Hakuna fainali."

"Magan, ukikaa mwaka wa tatu kwa darasa moja, ukaambiwa sasa rudi nyuma ya mahali ulianza, utafanya nini?"

Magan akafikiri. Akavuta kigoda. "Mama, nipe chapo moja pia."

Waliporudi, jina la Wekulo lilikuwa limeitwa mpaka mwitaji amekasirika. Akavua viatu akapanda. Mwenye mizani akaangalia, akagonga kioo kwa kidole, akaangalia tena.

"Sitini na sita na nusu. Umezidi."

Ukumbi ulinyamaza ule unyamavu wa watu wanafurahia lakini hawataki waonekane. Kijana wa Kakamega aliyekuwa akutane na Wekulo kwa fainali alikohoa. Mwenye mizani, mtu mpole, akasema, "Mizani haijafungwa. Saa iko. Enda utoe jasho urudi."

Kocha Kinyanjui alimfikia na jaketi tatu mkononi. "Vaa! Vaa haraka! Umekula nini wewe? Umekula?"

"Chapo."

"Chapo!" Sauti yake ndogo ikapasuka. "Leo! Chapo! Kimbia, shetani wewe, tapika, tema mate, fanya kitu!"

"Nitakimbia Bwana Mativo akisema hapa mbele ya watu, kwa sauti, ati mwakani mimi ni Form Four."

Mativo hakuwa mbali. Watu wakubwa wako na viti vyao mbele. Akaja anafunga koti, na nyuma yake, kofia mkononi, alikuwa Patrobas. Wekulo hakuwa anajua baba yake amekuja. Miaka yote hiyo Patrobas hakuwahi kufunga kazi Jumamosi kuja kuona mtoto wake akishinda.

"Kijana wangu," Mativo akaanza, na tabasamu. "Hebu tusiaibishane mbele ya wageni. Form Four unataka? Utapata Form Four. Huu mwaka tu utushindie. Hii ni ya mwisho."

Ilikuwa tabasamu ya chai na mkate. Wekulo alikuwa ameiona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ameenda kulala akiwa Form Three.

"Hapana," akasema. "Hiyo ulishaniambia."

Mativo akaacha kutabasamu. Akageukia Patrobas. "Mzee, ongea na mtoto wako."

Patrobas akasogea. Mikono yake ilikuwa na alama za moto mpaka kwa viwiko, na kofia ilikuwa inazunguka ndani ya hiyo mikono kama inatafuta mahali pa kukaa.

"Wekulo. Vaa jaketi, toa jasho. Tutaongea nyumbani."

"Baba, unajua wanataka kunipeleka wapi?"

Patrobas akaangalia sakafu.

"Baba. Unajua?"

"Niliambiwa."

"Lini?"

"Kitambo." Akageuza kofia. "Na ile ya kwanza pia. Na ya pili. Bwana Mativo hapa alikuja kwa kibanda tukaongea. Kazi ya masanduku ya shule yote inanijia mimi. Hawa wa Grade Ten, na wa mwakani, na wa baadaye. Mradi wewe uko hapo."

Wekulo alikuwa ameshawahi kuangushwa, zamani, Form One, kabla hajajua kitu. Alikumbuka vile unalala ukiangalia mabati na hewa imekataa kurudi. Ilikuwa hivyo. Tofauti ni kwamba alikuwa amesimama.

"Lile lundo la jana," akasema. "Nilikuwa nakauka kando yake, na wewe unagonga. Ulikuwa unagongea hao watoto masanduku, ndio nikalale nao bweni moja?"

"Usiongee hivyo mbele ya watu."

"Kumbe nilikuwa nimewekwa rehani na sijui."

"Na Jacky unafikiri amefika Form Four na hewa?" Patrobas naye akapanda. "Nani anamsomesha? Hayo masanduku! Mama yenu alizikwa na nini? Hayo masanduku! Ningemwambia mwalimu hapana, mngekula bati?"

Hapo Wekulo akashusha mabega. Kwa sababu ilikuwa ukweli, na ukweli wa namna hiyo haukuachi na mahali pa kushika. Watu wakafikiri amelegea. Kocha akasogeza jaketi.

"Ungeniuliza," Wekulo akasema polepole. "Baba, ungeniketisha uniambie, Wekulo, mambo ni haya, dada yako ni huyu, rudia. Ningerudia. Wallahi ningerudia bila chai. Lakini mlikaa chini nyinyi wazee mkanipanga kama mali ya duka, halafu mnaniambia nishikilie masomo. Miaka mitatu nimefikiri mimi ndio nimeshindwa na kitu."

"Ulikuwa mtoto."

"Ndio bado mnataka niwe."

Akanyoosha mkono kwa Magan bila kumwangalia. "Nipe hiyo maji."

Magan akampa. Wekulo akafungua, akainua, akaanza kunywa. Hakuwa na kiu. Alikuwa anameza tu, funda baada ya funda, macho kwa baba yake, maji mengine yakimshuka kidevuni. Kinyanjui alipiga kelele akamrukia anyang'anye chupa. Na mwili wa Wekulo ukafanya kile umefanya tangu Form Two. Hakuupanga. Alipita chini ya mkono wa kocha, chupa bado iko karibu na mdomo, akainuka upande wa pili, na kocha wa kilo karibu mia akaenda polepole, akiwa na muda wote wa kujua, mgongo chini, filimbi ikalia kidogo yenyewe.

Ukumbi ulilipuka. Vijana walipanda juu ya viti. Kijana wa Kakamega alikuwa anapiga makofi kama mama yake ndiye ameshinda.

Wekulo hakucheka. Alimaliza maji, akapanda mizani mwenyewe bila kuitwa. Mwenye mizani hakusoma kwa sauti. Alitikisa kichwa tu.

"Jumatatu usionekane kwangu," Mativo akamwambia. "Umesikia? Kwangu umekwisha."

"Nimekuwa nikikuambia hivyo," Wekulo akajibu, "lakini ulikuwa husikii."

Patrobas alikuwa ameshaondoka. Alionekana akipita geti, kofia bado mkononi.

Nyumbani hawakuongea. Shule ilirudisha yale masanduku wiki hiyo hiyo, ati hayafungi vizuri, na yakarundikwa nje ya kibanda mvua ikiyanyeshea. Patrobas alikuwa anatoka kabla mtu hajaamka na kurudi amenuna, chakula anakula akiangalia ukuta. Jacky ndiye alimkabili Wekulo, alipokuja kwa likizo na kukuta nyumba imekuwa kaburi.

"Si ungepigana tu, uchukue medali, halafu ukatae kwenda Grade Ten?"

"Ningeshinda."

"Sasa si hiyo ndio poa?"

"Jacky, ningeshinda. Nikishinda hawaniachi. Hujui hao watu."

"Na mimi? Muhula wa tatu nani atanilipia?" Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni. "Ulifikiria mimi hata kidogo, ama ulifikiria tumbo yako?"

 Kesho yake alienda Gikomba kubeba magunia, kazi ile ile kocha alimtabiria, na muhula ulipofunguliwa Jacky akarudi shule kwa pesa hizo. Hakumshukuru, na Wekulo hakungoja shukrani. Magunia alibeba mapema, kabla ya kengele za shule, kwa sababu mchana alikuwa anatafuta Form Three. Shule ya kwanza ilikataa, ya pili ikamwambia aje na mzazi. Ya tatu ilikuwa Kayole, orofa juu ya duka la mabomba, darasa dogo, madawati ya kukopeshana. Madam Nduta, mwenye shule, alimwangalia kutoka kwa viatu mpaka kwa masikio yake yaliyofurishwa na mieleka kama maandazi.

"Form Three muhula wa tatu. Umefukuzwa?"

"Ndio, madam."

"Ulichoma bweni?"

"Hapana. Nilikula."

Akangoja maelezo, hakuyapata. "Sawa. Hapa mwakani unaingia Form Four na hao wengine, upende usipende. Sina nafasi ya kukaa na mtu. Unacheza nini? Hayo si masikio ya mtu amekuwa akisoma."

"Sichezi kitu."

"Kuna mwalimu wangu anaanzisha mambo ya..."

"Madam, nimesema sichezi."

Ilitoka na ukali hakuupanga. Madam Nduta akainua nyusi, akamwonyesha dawati.

Ijumaa mchana watoto wote walitelemka uwanjani kwa mieleka ya yule mwalimu. Alibaki peke yake orofani na hesabu za vekta. Huko chini kuna mtu aliangusha mwingine, alijua kwa mlio, na alijua pia kwamba ameangusha vibaya, amevuta na mgongo badala ya miguu. Vijana wakashangilia huo upuzi. Wekulo akasimama, akafika kwa mlango, akaupiga teke ukajifunga, akarudi kwa swali la nne.